Soksi, Kinga na Chanjo: Remmy Ongala na Lugha ya Sayansi katika Muziki wa Dansi

Utangulizi

Sinza, jijini Dar es Salaam, kuna kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy. Jina hilo ni la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Cheo cha "Dokta" alichojulikana nacho hakikutoka chuo kikuu wala hospitalini. Hata hivyo, "Mambo kwa Soksi", wimbo wake unaohimiza matumizi ya kondomu, ni miongoni mwa matini za Kiswahili zilizoupeleka ujuzi wa kitabibu katika kumbi za dansi mapema kabisa. Makala hii inaeleza jinsi lugha ya wimbo huo inavyofanya kazi, na kuilinganisha na matumizi ya neno "chanjo" katika muziki wa Bagamoyo. Hoja kuu ni kwamba sayansi huingia katika mazungumzo ya umma kwa kupitia maneno ambayo wasikilizaji wanayo tayari, na kwamba maneno hayo huja na imani zake za zamani.

Bendi nje ya taasisi

Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya jeshi la polisi, na Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mwanamuziki wa bendi ya namna hiyo alikuwa na mshahara na vyombo, lakini maneno ya wimbo yalikuwa pia maneno ya mwajiri. Super Matimila ilimilikiwa na mtu binafsi. Mapato yake yalitegemea wacheza dansi, na kwa hiyo mipaka ya maneno yake iliwekwa zaidi na ukumbi kuliko ofisi.

Tofauti hiyo ilidhihirika pale Radio Tanzania Dar es Salaam ilipokataa kuupiga "Mambo kwa Soksi". Wakati huo redio binafsi zilikuwa bado hazijaanza Tanzania Bara, kwa hiyo kukataliwa huko kuliufungia wimbo mlango mkuu wa kusikika. Ulibaki na kumbi na kanda za kaseti. Uhuru wa bendi haukuizuia redio kukataa. Ulichofanya ni kuuwezesha wimbo kuendelea kuimbwa baada ya kukataliwa.

Sarufi ya kichwa cha wimbo

Kichwa cha wimbo kina tasfida mbili. "Mambo" ni neno la jumla linalositiri tendo la kujamiiana, na "soksi" linasitiri kondomu. Kihusishi "kwa" kinachoziunganisha ni cha ala, kama katika "kata kwa kisu". Hakuna kitenzi, hakuna kiambishi cha nafsi, hakuna amri. Mafunzo ya afya hupendelea amri, na amri huhitaji mtendwa: kuna anayeonya na kuna anayeonywa. Kirai hiki hakimtaji yeyote. Kinataja jambo na chombo chake, na msikilizaji anaachiwa kujiweka humo mwenyewe bila kushutumiwa.

Uteuzi wa "soksi" una mantiki ya kisemantiki. Vitu hivi viwili vinafanana kwa umbo, vyote hutumia kitenzi "vaa", na vyote huvaliwa kabla ya kuingia: mguu katika kiatu, mwili katika mwili. Sitiari hii ni maelezo mafupi ya utendaji wa kondomu, yaani tabaka jembamba linalozuia mgusano. Tasfida nyingi huficha namna kitu kinavyofanya kazi. Hii huisitiri aibu na kuuacha utendaji wazi.

Ulinganisho na majirani unasaidia. Mwaka 1987 Franco, mjini Kinshasa, alitoa "Attention na SIDA", wimbo unaotaja jina la ugonjwa na onyo katika kichwa chake. Mwaka 1989 Philly Lutaaya wa Uganda aliutangazia umma kwamba ameambukizwa, akaimba juu ya upweke na hofu ya mgonjwa. Kichwa cha Remmy hakina ugonjwa, onyo wala mgonjwa. Kina chombo tu, na chombo ndicho msikilizaji angeweza kwenda kukitafuta kesho yake.

Msikilizaji wa pwani

Kaskazini mwa Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo hupita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Katika vijiji hivi Kiswahili huishi pamoja na Kikwere na Kizaramo, na mafunzo ya unyago yamekuwa na nyimbo za mafumbo kuhusu mwili na ndoa. Kwa msikilizaji wa Kerege, kuimba juu ya kujamiiana kwa fumbo si jambo geni. Ugeni uko katika mahali: nyimbo za unyago huwekewa mipaka ya jinsia na umri, ilhali dansi huwachanganya wote. Remmy alitumia mbinu ambayo pwani inaifahamu, akaitoa katika faragha. Inawezekana kwamba kilichoshtua zaidi ni kuvunjwa kwa mpaka huo, kuliko neno lenyewe.

Kinga na chanjo

Jina la kitaalamu la ugonjwa nalo halikuwa tupu. "Ukimwi" ni akronimu ya Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa kuwa linaanza na u-, liliingia katika ngeli ya U bila kikwazo, na leo wazungumzaji wengi hawalichambui tena. Ndani yake mna "kinga", neno ambalo pia hutumika kwa dawa ya mganga ya kuzuia husuda na uchawi. "Chanjo" ina historia ya aina hiyo. Linatokana na "chanja", yaani kukata au kupasua, kitenzi kinachotumika pia kwa chale anazochanja mganga ili apake dawa.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuitazama historia hiyo. Mji huo una chuo cha sanaa, TaSUBa, na pia kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, ambako majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalianza mwaka 2009. Katika mji huohuo mwanamuziki huru Vitali Maembe, aliyesoma chuoni hapo, ameongoza kampeni ya muziki ya Chanjo ya Rushwa. Kiunganishi "-a" katika jina hilo hubeba maana ya "dhidi ya", kama katika "chanjo ya surua" na "dawa ya mbu", tofauti na "dawa ya meno". Muktadha pekee ndio unaoamua.

Sitiari hiyo huahidi mwili usioambukizika, kama chale za mganga zinavyoahidi. Sayansi huahidi kidogo zaidi. Majaribio ya RTS,S, yaliyohusisha zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba, yalionyesha kwamba dozi nne zilipunguza malaria kwa takribani asilimia 36 kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17. Chanjo ya mganga na ya hospitali hushiriki neno moja. Kinachozitenganisha ni kwamba ya pili hupimwa, na upungufu wake hutangazwa.

Hitimisho

Remmy Ongala hakuimba istilahi. Alichukua vazi la kila siku, akalifanya lieleze kinga, na akatilia shaka imani kwamba kunyamaza kunalinda. "Soksi" ilifaulu kwa sababu haikuwa na historia ya uganga; msikilizaji hakuweza kuidhania nguvu isiyo nayo. "Kinga" na "chanjo" zina nguvu zaidi na hatari zaidi, kwa kuwa zinaweza kukubaliwa au kukataliwa kwa imani ileile inayoelekezwa kwa chale. Waundaji wa istilahi za afya huuliza kama neno ni sahihi na kama linaeleweka. Nyimbo hizi zinadai swali la tatu: neno hilo, kabla ya kuazimwa na sayansi, lilikuwa likiahidi nini?