Kabla ya Nepi, Chunguza Tumbo

Mama anayemlea kijana mwenye sindromu ya Down huambiwa mengi kuhusu godoro linalolowa. Jirani atasema ndivyo watoto hao walivyo. Shangazi atashauri anyimwe maji kuanzia alasiri. Hata kwenye zahanati anaweza kujibiwa kwa mkato kwamba hali hiyo haina dawa, anunue nepi za watu wazima. Kesi imefungwa, na kijana mwenyewe hakuna aliyempima. Ukweli ni kwamba mara nyingi mkojo unaomtoka mtu huyu una sababu inayoweza kutafutwa, ikaonekana, na ikatibiwa.

Kutafuta kunaanzia tumboni. Mwenye sindromu ya Down ana kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, jambo lililotangazwa nchini Ufaransa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune na wenzake. Nyongeza hiyo huambatana na misuli iliyolegea, na utumbo nao husukuma polepole. Choo kinakauka na kurundikana sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ambayo imepakana na kibofu kwa nyuma. Kibofu kinabanwa: kinapokea mkojo kidogo, kinasukumwa kabla hakijajaa, na mtu anapokwenda chooni hakimalizi kumwaga. Familia inaona suruali iliyolowa tu. Pengine inaona pia nguo ya ndani imechafuka kwa choo chepesi na kudhani ni kuhara, kumbe ni majimaji yanayopenya pembeni mwa choo kigumu kilichokwama.

Ndiyo maana daktari mzuri atauliza kuhusu haja kubwa kabla ya ndogo. Maharage, mboga za majani, papai na maji husaidia, lakini choo kilichokwama kwa miezi huhitaji dawa ya kulainisha, nayo hutumika kwa wiki nyingi bila kuachwa siku tumbo linapofunguka. Mtoto aliyefunga choo tangu siku za kwanza baada ya kuzaliwa achunguzwe na daktari wa upasuaji, kwani kasoro ya neva za utumbo iitwayo ugonjwa wa Hirschsprung huwapata watoto hawa zaidi ya wengine.

Maji asinyimwe. Anayekunywa kidogo hupata mkojo mkali unaochokoza kibofu na choo kigumu zaidi, yaani tatizo lilelile kwa njia mbili. Cha kupunguza jioni ni chai, kahawa na soda za kola, kwa sababu ya kafeini.

Kisha kuna choo chenyewe, ambacho wataalamu wengi hawakitaji. Choo cha shimo kinadai kuchuchumaa, na kuchuchumaa kunadai magoti na nyonga imara. Mwenye viungo vilivyolegea huogopa kuanguka, hujikaza, hutoa kidogo na kuinuka haraka. Mkojo uliobaki unamtoka akiwa njiani kurudi. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kipande cha mbao ukutani cha kushika. Nyayo zikanyage chini au juu ya kigoda, zisining'inie. Akae bila kuharakishwa, amalize, apumzike kidogo, kisha ajaribu tena.

Aende kwa saa, si kwa kusubiri abanwe: akiamka, baada ya kula, kabla ya kutoka na kabla ya kulala, na katikati kila baada ya saa mbili au tatu. Wengi wenye sindromu ya Down hushika wanachokiona vizuri kuliko wanachoambiwa, na wengi pia hawasikii vizuri. Kwa hiyo picha zilizobandikwa ukutani kwa mfuatano (kushusha suruali, kukaa, kujisafisha, kunawa) hufundisha zaidi ya kumkumbusha kwa sauti mara kumi. Suruali iwe ya mpira kiunoni, isiyo na mkanda wala zipu. Asifiwe kwa kwenda kukaa, hata kama hakutoa kitu. Kumwita kikojozi mbele ya wageni humfundisha kuficha nguo zilizolowa, basi.

Anayelowesha kitanda usiku na kukoroma sana ana swali jingine. Nusu au zaidi ya watu wenye sindromu ya Down hukatikiwa na pumzi usingizini. Pumzi ikikatika, moyo huelemewa na kutoa homoni inayoziamuru figo kutengeneza mkojo mwingi. Mtoto wa namna hii huenda akahitaji kuondolewa mafindofindo au nyama za puani, na godoro likakauka bila kibofu kuguswa.

Linalotisha zaidi ni mtu aliyekuwa mkavu kwa miaka kuanza kulowa. Apimwe mkojo, sukari na tezi ya thairoidi, ambayo kwa watu hawa inapaswa kupimwa kila mwaka hata wakiwa wazima. Akianza pia kupepesuka, kuinamisha kichwa upande mmoja au kuishiwa nguvu mikononi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: mifupa ya juu ya shingo huenda inabana uti wa mgongo. Asibingirishwe wala kukandwa shingo kwa nguvu, kinyozini au kwingineko. Mlezi ajiulize pia, bila kuona haya, kama kuna mtu anayemtisha au kumdhuru. Na akishapita miaka 40, kulowa kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa Alzheimer, unaowawahi watu hawa kwa sababu jeni inayohusika imo kwenye kromosomu hiyohiyo ya 21.

Vidonge vya kutuliza kibofu visitangulie uchunguzi huu. Baadhi yake hufunga choo na huongeza kuchanganyikiwa kwa mtu mzima. Nepi nazo zina nafasi yake, hasa safarini, mradi ngozi isafishwe, ikaushwe na kupakwa mafuta ya mgando.

Kabla ya kwenda kliniki, mlezi aandike kwa siku tatu: amekunywa nini na saa ngapi, amekojoa saa ngapi, amelowa lini, amepata choo lini na kilikuwaje. Karatasi hiyo aiweke mezani kwa daktari, na asikubali kuondoka na jibu kwamba ndivyo walivyo.