Kodi, muda na udongo: jinsi neno moja lilivyotaka kumgharimu dada yangu

Mwaka uliopita yaya wangu anayeishi London alinitumia kwa simu picha za barua ya wakili. "Mdogo wangu, wewe ndiye unasoma Kiingereza, nielezee." Kiingereza cha kazini anakijua, cha mawakili kinamshinda. Nilimjibu siku ileile: "Yaya, usiwe na wasiwasi. Kodi yako imebakiza miaka 80 na miezi mitano. Hata wajukuu watakaa humo."

Nilikosea neno, na kwa sababu hiyo nikakosea shauri.

Neno nililolitafsiri "kodi" lilikuwa "lease". Uingereza na Wales, anayenunua fleti kwa kawaida hanunui udongo wala jengo. Ananunua haki ya kukaa kwa miaka iliyoandikwa: 99, 125, mara nyingine 999. Anaweza kuiuza haki hiyo, kuirithisha, kuiweka rehani benki. Lakini miaka inapungua, na ikiisha, fleti inarudi kwa mwenye udongo. Kodi ni pesa. Hiki ni kipande cha wakati.

Sisi Wakongomani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali. Anayesema "nimenunua parseli" amepata haki ya kuitumia tu: ya kudumu ikiwa ni mtu mwenye uraia wa Kongo, au ya muda. Mgeni na kampuni hupewa ya muda tu, miaka 25 kwa kawaida, inayoweza kuongezwa. Hata hivyo kinywani tunasema "nimenunua", na neno hilo linaficha saa inayohesabu.

Nimechagua kusema "upangaji wa muda" kwa "lease", na "mwenye udongo" kwa yule anayebaki na haki ya mwisho. Si maneno mazuri sana, lakini angalau hayadanganyi.

Sasa ile miaka 80. Kwa sheria ya mwaka 1993, mwenye fleti anaweza kumlazimisha mwenye udongo amwongezee miaka 90 juu ya ile iliyobaki. (Zamani ilibidi kwanza amiliki fleti miaka miwili, sharti hilo liliondolewa tarehe 31 Januari 2025.) Kodi ya udongo nayo inakuwa "peppercorn", yaani punje ya pilipili manga, ambayo hakuna anayeidai. Nilimwandikia yaya "bila kodi". Ninajua mwalimu wangu wa tafsiri angependa punje ibaki.

Kuongezewa huko hulipiwa. Mwenye udongo hufidiwa kodi anayoipoteza, na pia kucheleweshewa jengo kumrudia. Tena, muda uliobaki ukiwa miaka 80 au chini yake, kunaingia kitu cha tatu: "marriage value". Nilipomtafsiria "thamani ya ndoa", yaya, ambaye ni mjane, aliniuliza kwa hasira ndoa yake inawahusu nini.

Tuseme haki yake na haki ya mwenye udongo, kila moja ikihesabiwa peke yake, zinafika jumla ya pauni 190,000. Miaka ikishaongezwa, jumla inakuwa 200,000. Zile 10,000 zimezaliwa na makubaliano yenyewe, na nusu yake huenda kwa mwenye udongo. Ningesema "thamani ya muungano". Sheria ya mwaka 2024 imepanga kuifuta na kutoa miaka 990 badala ya 90, lakini ninapoandika haya sehemu hizo hazijaanza kutumika.

Kwa hiyo barua niliyoiita haina shida ilikuwa inamwambia: una miezi mitano. Niligundua hivyo baada ya miezi mitatu, nikitafuta istilahi za mtihani. Nilimpigia usiku. Kinachohesabiwa ni siku ya kutoa notisi, si siku ya kulipa, na hilo ndilo lililotuokoa: notisi ilifika ikiwa imebaki miaka 80 na siku kumi na moja.

Mwenye udongo amejibu. Amekubali haki, amekataa bei. Ya kwake ni kubwa kuliko yetu. Kuanzia siku ya jibu kuna miezi miwili ya kusemezana. Wasipopatana, yaya anapaswa kufikisha shauri kwenye baraza la mahakama kabla ya miezi sita kwisha tangu jibu hilo. Akichelewa, notisi inahesabiwa kuwa imeondolewa, na hawezi kutoa nyingine mpaka miezi kumi na miwili ipite. Wakati huo atakuwa na chini ya miaka 79.

Tarehe hiyo nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa chumba changu.