Je, Wajua? Kichwa Kisichotulia Huzaa Ugunduzi wa Uongo

Mtoto akitikisa kichwa ndani ya mashine ya MRI, hata kwa chini ya milimita moja, picha ya ubongo wake huharibika kwa namna ya kudanganya. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa mtikisiko huo hufanya sehemu jirani za ubongo zionekane kuwasiliana mno, na zilizo mbali zionekane kuwasiliana kidogo. Taswira hiyohiyo ilikuwa ikitajwa kuwa alama ya ubongo mchanga! Na watoto wadogo, kama kila mzazi ajuavyo, hawatulii.

Ndiyo maana watafiti wa ukuaji wa ubongo huingiza mtikisiko kwenye modeli ya takwimu pamoja na umri. Hata hivyo, hilo pekee halitoshi. Utafiti wa ABCD wa Marekani, unaofuatilia ukuaji wa ubongo wa watoto, ulianza na watoto zaidi ya 11,800 wa miaka 9 na 10, katika vituo 21, kwa mashine za kampuni tatu. Baadhi yao ni mapacha, na wote hupigwa picha tena kila baada ya miaka miwili hivi. Ukizihesabu picha hizo kana kwamba hazina undugu, unajipa uhakika usiokuwa nao. Dawa yake ni modeli mseto, ambayo huipa kila ngazi, yaani kituo, familia na mtoto mwenyewe, fungu lake la tofauti.