Mtoto Mtu Mzima Anapougua Akili na Kutumia Vilevi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Tiba

Zipo kaya za Butiama zenye mzigo usiosemwa hadharani. Kijana aliyekwenda kutafuta riziki kwenye machimbo ya Buhemba au kwenye mialo ya Ziwa Victoria hurudi nyumbani amebadilika. Halali usiku, hujibizana na watu wasioonekana, humshuku mama yake kuwa anamwekea sumu, na kutwa huvuta bangi au kunywa gongo. Mzazi huuza ng'ombe mmoja, kisha wa pili, na fedha huweza kuisha kabla kijana hajaonwa na mtaalamu hata mmoja. Makala haya yanakueleza namna ya kumtafutia mwanao tiba ya kweli na kujikinga na wauzao matumaini.

Fahamu unacholipia

Ugonjwa wa akili na matumizi ya vilevi mara nyingi huandamana, na kila kimoja huchochea kingine. Bangi yaweza kuamsha au kuzidisha hali ya kusikia sauti na kushuku watu. Naye anayesumbuliwa na sauti hizo hunywa ili azizime. Kwa hiyo, mtu anayeahidi kuondoa kimoja bila kuuliza habari za kingine hajamchunguza mgonjwa.

Tiba nazo hutofautiana. Methadoni, inayotolewa bila malipo katika kliniki maalumu kama ile ya Hospitali ya Sekou Toure jijini Mwanza, ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo. Haitibu uraibu wa bangi, mirungi wala gongo. Hakuna pia kidonge cha kumeza mara moja kinachomaliza uraibu au ugonjwa wa akili. Anayekuuzia kitu hicho anakudanganya.

Dawa ya kificho ndani ya uji

Mzazi aliyechoka huweza kununua vidonge vya usingizi, akavisaga na kuvitia katika uji wa kijana. Tunauelewa uchovu unaomfikisha hapo, lakini hatari yake ni kubwa. Diazepamu ikichanganyika na pombe huweza kudhoofisha pumzi hadi mtu akafia usingizini. Haloperidoli huweza kukakamaza shingo, taya na ulimi, au kuyageuza macho juu. Familia isiyojua hudhani kijana amerogwa, ilhali hospitalini madhara hayo hutibiwa haraka. Zaidi ya hayo, kijana akigundua, shuku yake ya kuwekewa sumu huwa imepata ushahidi, na huenda asipokee tena dawa hata kutoka kwa daktari.

Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Zinunue katika famasi yenye kibali cha Baraza la Famasi kilichobandikwa mahali pa wazi. Soma jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha dai risiti. Usipokee vidonge visivyo na jina vilivyofungwa katika karatasi. Nyumbani, zihifadhi mahali panapofungwa kwa ufunguo.

Usimkatishe pombe kwa nguvu

Mtu aliyezoea kunywa gongo kila siku akiachishwa ghafla huweza kupata degedege, kuweweseka na hata kufa. Kumfungia chumbani au kumfunga kamba "mpaka pombe imtoke" si tiba, na ni kumvunjia utu wake. Kuacha kwa namna hiyo kunahitaji uangalizi wa hospitali.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Ukielekezwa kwenye nyumba ya upataji nafuu au kwa mganga wa tiba asili, uliza yafuatayo:

1. Cheti cha usajili kiko wapi? Mganga wa tiba asili anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Apigaye ramli ya kutaja jirani aliyeroga, mwepuke.
2. Ni mtaalamu gani wa afya atakayemwona mgonjwa, na mara ngapi?
3. Gharama yote ni kiasi gani, na akitoka mapema fedha inarejeshwa?
4. Je, naruhusiwa kumtembelea na kuzungumza naye faraghani?
5. Je, wagonjwa hufungwa minyororo au kupigwa?

Asiyejibu swali hata moja kati ya haya hastahili fedha yako.

Pa kuanzia

Anzia kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, uombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa iliyoko Kwangwa, Musoma. Ikihitajika, mgonjwa hupelekwa Bugando, Mwanza, au Mirembe, Dodoma. Uliza kwa afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa malipo kabla ya kuuza mali. Mwanao ni mtu mzima na ridhaa yake ndiyo ya kwanza kutafutwa. Hata hivyo, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa ndugu kuomba mgonjwa apokelewe hospitalini pale asipoweza kuamua. Akitishia kujiua au kumdhuru mtu, usisubiri: ondoa panga na sumu za shambani, ita majirani, na mfikishe hospitalini.

Nyumbani

Zungumza naye asubuhi akiwa hajalewa, kwa maneno machache. Mpe chakula, mavazi na nauli ya kliniki iliyolipwa moja kwa moja, badala ya fedha taslimu. Akirudia kilevi, mrejeshe kliniki. Kurudia hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa. Nawe mzazi, gawana zamu na ndugu. Anayeuguza peke yake huishia kuugua.

Ukiuziwa dawa bandia, au dawa ikimletea mwanao madhara, hifadhi pakiti na risiti, umweleze mtoa huduma na utoe taarifa katika ofisi yetu. Kuhusu dawa za kulevya, piga bila malipo namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kutoa taarifa si kumwaibisha mwanao. Huenda taarifa yako ikamwokoa mtoto wa mwingine.