Fahamu: Kura ya udhurungi Kiptere ina uzito gani?

Agosti 10, 2027, mpiga kura wa Kiptere, Kaunti ya Kericho, atapewa karatasi sita. Ile ya udhurungi, ya mwakilishi wadi, wengi huitia alama bila kuitafakari.

Basi mgombea anasimama pale sokoni, anaahidi kupandisha bonasi ya majani chai na kujenga sekondari. Hilo la kwanza si kazi ya kaunti. La pili ni la serikali kuu. Muulize barabara ya kupeleka majani kituoni, dawa za zahanati, mwalimu wa chekechea, choo cha soko. Aliyewahi kukaa bunge la kaunti muulize pia aliipitishaje bajeti, maana kuisimamia serikali ya kaunti ndiyo kazi yake kubwa, ingawa matanga na harambee ndizo humpa jina.

Kura moja ina uzito. Oktoba 2024 wawakilishi 31 kati ya 47 wa Kericho walipiga kura kumng'oa Gavana Erick Mutai. Theluthi mbili ilihitaji kura 32, ilipungua moja tu. Seneti ikaitupa hoja. Agosti 2025 wakarudia, akaponea Seneti tena.