Kifaranga wa Chozi Hajengwi kwa Sukari

Swali limerudi tena, na safari hii limekuja na picha: kifaranga wa chozi amelazwa juu ya kitambaa, tone la maji ya sukari limeganda pembeni mwa mdomo wake. Mwenye bustani anauliza ampe vijiko vingapi kwa siku. Hata kimoja asimpe. Kila bustani zinapochanua baada ya mvua huulizwa jambo hilihili, na wanaouliza ni watu wenye huruma ya kweli. Kinachonisikitisha ni kwamba swali likinifikia, mara nyingi kifaranga ameshanyweshwa mara tatu au nne.

Najua imani hii inakotoka. Kila mtu amemwona chozi akichomeka mdomo wake uliopinda kwenye ua la mshubiri au la mgomba. Basi watu wakahitimisha kwamba mama anakunywa utamu wa maua, na mtoto naye anataka huohuo. Zikaja na video za Marekani, zinazoonyesha ndege-mvumaji wakinywa maji ya sukari kwenye vyombo vyekundu vilivyotundikwa barazani. Ndege-mvumaji si chozi. Wale wanaishi mabara ya Amerika tu, na kwao jike hulea peke yake. Kwa chozi, jike hujenga na kuatamia, lakini watoto wakianguliwa dume naye huleta chakula. Hata hivyo, kwenye jambo hili hawa ndege wawili wanafanana kabisa: wanaokunywa kwenye vile vyombo ni ndege wakubwa. Jike wa ndege-mvumaji mwenye watoto huwinda wadudu kutwa nzima.

Chukua darubini, kaa mbali na kiota, umtazame chozi anaporudi. Ukiwa mtulivu utaona miguu ya buibui ikitokeza pembeni mwa mdomo wake, au bawa la nzi, au kiwavi mdogo wa kijani. Hicho ndicho chakula cha kifaranga. Anaweza kupewa na mbochi kidogo, hasa manyoya yakishaota, lakini mwili wake haujengwi na mbochi. Kifaranga huanguliwa uchi, macho yamefumba, uzito wake kama gramu moja hivi, na baada ya wiki mbili au zaidi kidogo anatakiwa awe ameota manyoya, ana misuli ya kurukia, na anakaribia uzito wa wazazi wake. Misuli, manyoya, kucha na mdomo vyote vinatokana na protini. Sukari haina protini hata chembe. Sukari ni kama mafuta ya taa: yanawasha taa, hayasimamishi ukuta.

Wengi hunijibu, "Lakini alichangamka nilipompa!" Bila shaka alichangamka. Alikuwa na njaa, sukari ikampa nguvu ya saa moja, akapanua mdomo tena, ukampa tena. Huko kuchangamka ndiko kunakoiweka imani hii hai mwaka hadi mwaka, kwa sababu mtu huona alichokitarajia na hukumbuka saa ile ya kwanza. Kifaranga akifa kesho yake, lawama hutupiwa baridi, au mama "aliyemkataa".

Tena kuna hatari inayokuja mapema kuliko utapiamlo. Tundu la njia ya hewa la ndege liko wazi sakafuni mwa kinywa, nyuma tu ya ulimi. Ukimdondoshea kifaranga kimiminika, tone huteremka moja kwa moja mapafuni, naye hana nguvu ya kulikohoa. Kinachomwagikia manyoya nacho hukauka, huyagandisha, na mwili hupoteza joto. Kifaranga aliyepoa hawezi kusaga chochote tumboni, hata ungempa buibui mzuri kuliko wote. Asali si afadhali, na huchacha na kuota kuvu upesi ikichanganywa na maji. Glukosi ni sukari ileile. Maziwa ndege hawezi kuyameng'enya. Uji na mkate humjaza tumbo tu. Naomba orodha hii ya tiba za jikoni iishie hapa.

Basi ufanye nini? Mrudishe kiotani, leo, sasa hivi. Hadithi kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono wako haina msingi. Kinachomfukuza mzazi ni watu kusimama karibu na kiota siku nzima. Kama ni uchi na amepoa, mpashe joto kwanza katikati ya viganja vyako, kisha umwingize kwa lile tundu la ubavuni, karibu na juu. Kama kiota kizima kimeanguka, kifunge kwa uzi kwenye tawi lilelile au la jirani, tundu likiwa juu ubavuni kama lilivyokuwa, kisha ondoka na uangalie kutoka mbali kwa saa moja au mbili. Kama ameshaota manyoya na anarukaruka, hajapotea, anajifunza: mweke kwenye tawi, mfungie paka ndani, basi. Kama wazazi hawaonekani kabisa, tafuta daktari wa mifugo anayejua ndege au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe.

Ukiona ndani ya kiota kifaranga mmoja mkubwa anayebana nafasi yote, pengine si chozi bali ni mtoto wa kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake na ambaye mtoto wake huwasukuma nje wenye nyumba. Inauma kutazama. Lakini kekeo naye ni ndege wa hapahapa, mwache.

Unayetaka kuwasaidia chozi kweli, acha dawa ya wadudu msimu huu, kwani unapopuliza unaua chakula cha watoto. Acha utando wa buibui kwenye pembe za baraza, maana ndio jike anaofungia nyasi na majani makavu ya kiota chake. Usikate majani yanayokisitiri ili upate picha. Jua la mchana na kunguru watakiona kabla yako. Panda mshubiri na haibiskasi, na vyombo vya sukari hutavihitaji. Kiota kikibaki kitupu, subiri kabla ya kukiondoa, kwa kuwa vifaranga wa aina kadhaa za chozi hurudi kulala humo siku za mwanzo za kuruka. Na dume anayegongagonga kioo cha gari lako anadhani ameona dume mwenziwe: kivike kioo mfuko au kitambaa, arudi kuwinda.