Vitumbua, Maandazi na Mikate ya Mwembesongo

Kata ya Mwembesongo, katika Manispaa ya Morogoro, haijulikani kwa maduka ya keki yenye vioo na taa. Vitafunwa vyake bora hupikwa barazani, ubavuni mwa duka la rejareja au kwenye kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukutani, na vingi huwa vimekwisha kabla ofisi hazijafunguliwa. Mpikaji haweki bango. Hujulikana kwa kona anayokaa na kwa jina la mwanawe: watu huagizana kwenda kwa Mama Fulani, na mtaa mzima unaelewa ni wapi. Anayetaka kula vizuri hapa inampasa kujua mambo mawili: kitu gani hupikwa saa ngapi, na vifaa vyake vimetoka wapi.

Hilo la pili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Meza ya vitafunwa Morogoro inabeba vitu vya asili mbili. Vipo vya ngano, yaani andazi, chapati, skonzi na mkate, ambavyo nafaka yake kwa kawaida imepita bandarini. Na vipo vya mchele, yaani kitumbua, kibibi na mkate wa kumimina, ambavyo sehemu kubwa ya vifaa vyake hulimwa ndani ya mkoa huuhuu. Kwa sababu hiyo, kama kuna kitafunwa kinachostahili kuitwa cha Morogoro, ni kitumbua.

Morogoro ni mojawapo ya mikoa mikubwa ya mpunga Tanzania. Kusini liko Bonde la Kilombero, ambalo mchele wake unatafutwa hadi Dar es Salaam kwa harufu yake. Kaskazini, kwenye barabara ya Dodoma, iko skimu ya umwagiliaji ya Dakawa. Sukari nayo haitoki mbali, kwa kuwa viwanda vya Kilombero, Mtibwa na Mkulazi vyote vimo mkoani. Iliki hulimwa milimani Uluguru, ambako vijiji kama Kinole huteremsha sokoni viungo pamoja na ndizi na matunda. Katika vifaa vikuu, kinachosafiri ni nazi tu, ambayo kwa sehemu kubwa huletwa kutoka pwani. Mpikaji wa Mwembesongo anayekwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu anaweza kupata mahitaji yote ya kitumbua kwa mzunguko mmoja.

Kitumbua cha leo huanza jana. Mchele hulowekwa mchana, na wengi huchagua chenga, kwa kuwa ni nafuu na, ikishasagwa, haionyeshi tofauti yoyote. Ukishalainika husagwa pamoja na tui hadi uwe rojo laini, kisha hutiwa hamira, sukari na iliki iliyotwangwa papo hapo. Wapikaji wazoefu huteka kwanza sehemu ndogo ya rojo na kuipika motoni mpaka iwe uji mzito, halafu huirudisha na kuikoroga na iliyobaki. Kazi hiyo ndogo ina maana kubwa. Mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika na kushika hewa. Hamira inapokula sukari na kutoa kabonidayoksaidi, mapovu hayo hayana wa kuyazuia isipokuwa uzito wa rojo lenyewe. Ule uji ndio unaoyashika. Bila huo, kitumbua hutoka bapa na kukauka mapema.

Hali ya hewa nayo ina kauli yake. Mji uko chini ya milima, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kiasi cha kuichelewesha hamira. Mpikaji hulikoroga rojo mapema zaidi na kulifunika kwa kanga au blanketi. Joto la Novemba na Desemba ni kinyume chake: rojo lililoachwa usiku kucha linaweza kuamka limechacha. Kitumbua chenye uchachu kwa mbali kina wapenzi wake, lakini uchachu ukizidi unaua ladha ya nazi na iliki, na hapo kazi ya siku mbili imepotea.

Alfajiri, kikaango chenye vishimo vya duara huwekwa juu ya jiko la mkaa. Kila kishimo hupata kijiko cha mafuta, na mafuta huachwa yapate moto kabla rojo halijamiminwa. Likigusa chuma hulia, na kingo zake hukauka kwanza huku katikati kukiwa bado kubichi. Vitobo huanza kufunguka juu, kimoja kimoja, kama dimbwi linalodondokewa na mvua ya manyunyu. Vikienea, mpikaji huchomeka kijiti cha chuma pembeni, huzungusha kiganja mara moja, na kitumbua hugeuka chote upande wa pili. Wakati cha mwisho kinageuzwa, cha kwanza huwa tayari kuepuliwa. Mkono hauchezi bure: ukichelewa, kitumbua huungua kwenye kingo, ukiwahi, hupasuka na kumwaga rojo. Kitumbua kizuri kikibonyezwa hurudi juu, kikipasuliwa huonyesha matundu mengi yaliyosimama, na hakiachi ziwa la mafuta kwenye sahani.

Andazi lina historia nyingine, na ni historia ya unga. Tanzania inalima ngano, hasa katika nyanda za Hanang, Kilimanjaro Magharibi na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, lakini mavuno hayo ni sehemu ndogo ya mahitaji ya nchi. Kilichobaki huja kwa meli. Ndiyo maana vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza Februari 2022, bei ya ngano duniani ilipanda na wauza maandazi wa Tanzania wakabaki na njia mbili: kupandisha bei au kupunguza donge. Wengi wao hupunguza donge, kwa sababu mteja wa asubuhi ameshaizoea sarafu anayoitoa. Wenye umri mkubwa wanakumbuka dhiki nzito zaidi, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, unga wa ngano, sukari na mafuta vilipoadimika madukani na kupatikana kwa foleni. Andazi la asubuhi, ambalo leo hakuna anayelifikiria mara mbili, lilikuwa anasa.

Utengenezaji wake unahitaji nguvu za mikono. Unga hukandwa na maji ya vuguvugu au tui, hamira, sukari, chumvi kidogo na iliki, mpaka donge liache kunata kwenye beseni. Likishaumuka hukatwa vinyunya, husukumwa na kukatwa pembetatu au kuachwa duara, kisha vipande huachwa viumuke tena kabla ya kutumbukizwa kwenye karai. Wengi wenye haraka huiruka hatua hiyo ya pili, na wateja huliona kosa hilo mara moja: andazi linakuwa zito na gumu kufikia mchana. Moto nao una kipimo. Mafuta yasiyopata joto la kutosha huingia ndani ya unga. Yaliyozidi moto huunguza ngozi na kuacha kiini kibichi. Katika meza za Mwembesongo andazi la kawaida halina madoido, na inafaa libaki hivyo. Kazi yake ni kusindikiza chai ya rangi, maharage au uji.

Chapati ni ya saa zinazofuata. Ikishasukumwa hupakwa mafuta, hukunjwa kama kamba, huzungushwa kuwa donge na kusukumwa tena, na huko kukunja ndiko kunakoleta matabaka. Kwa kawaida huuzwa penye supu, na anayepika supu mara nyingi hununua chapati kwa jirani yake badala ya kupika zake. Sambusa, bagia za dengu au kunde na kachori huibuka jioni.

Kuhusu mkate wa tanuri, mji huu unaishi kwa bekari za kawaida ambazo husambaza mikate na skonzi kwa baiskeli, pikipiki na bajaji kabla jua halijachomoza. Mkate wa slesi uliofungwa kwenye karatasi ya nailoni ndio unaotawala, na kusema kweli haustahili sifa nyingi. Una sukari nyingi na wepesi kupita kiasi. Skonzi zilizotoka tanurini asubuhi hiyohiyo ni jambo tofauti, kwa kuwa ngozi yake bado ni laini na harufu ya hamira haijapotea. Mwenye duka anayejua biashara yake huziweka mbele na huzimaliza siku hiyohiyo. Hafukeki, ile ngumu inayopikwa kwa mafuta bila hamira, imejengewa safari: hukaa siku kadhaa bila kuharibika, na kwa sababu hiyo hupatikana sana kwenye stendi ya Msamvu, mahali ambapo mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa hupita usiku na mchana.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha ratiba yote. Meza za alfajiri hupotea, na baada ya sala ya alasiri barabara za mtaa hujaa masinia. Hapo ndipo huonekana vyakula ambavyo miezi mingine huadimika: kalimati zilizozama kwenye shira, visheti, vibibi, tambi za sukari, na uji wenye pilipili manga, kiungo ambacho nacho hulimwa Uluguru. Mfalme wa meza hiyo ni mkate wa kumimina. Ni rojo la mchele, tui, sukari na iliki, wakati mwingine na ute wa yai, linalomiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupaliliwa makaa chini na juu ya mfuniko. Moto wa juu ndio wenye siri, maana ndio unaoupa mkate ngozi ya kahawia huku ndani ukibaki laini na wenye unyevu. Mkate mmoja huhitaji uangalizi wa karibu, na anayeupika vizuri hupokea oda za familia nyingi kwa wakati mmoja.

Biashara hii kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa wanawake. Andazi au kitumbua kimoja huuzwa kwa shilingi mia au mia mbili tu, kwa hiyo faida haitoki kwenye kipande kimoja, hutoka kwenye wingi na kwenye kutopoteza. Mpikaji huuza sehemu mezani kwake na sehemu kwa jumla kwa wachuuzi na wenye magenge. Mtaji hutoka kwenye mchezo wa akina mama au kikoba. Sheria pia inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na mpikaji asiye na kikundi hubaki nje. Hili ni jambo ambalo serikali ingeweza kulitazama upya kwa manufaa makubwa.

Gharama inayouma zaidi baada ya unga na mafuta ni mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa anayekaanga maandazi, gesi ina faida ya wazi, kwani moto wake hupandishwa na kushushwa kwa kuzungusha kitufe. Kwa mkate wa kumimina hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa jiko la gesi halitoi moto wa juu. Kwa anayeupika mkate huo suluhisho ni oveni, na oveni ni mtaji wa aina nyingine kabisa.

Mnunuzi naye ana wajibu wa kutumia macho. Mafuta yaliyo meusi na yenye povu na moshi yametumika mara nyingi mno. Hapo ni bora kupita. Vitafunwa vinapaswa kuwa ndani ya deli au chini ya kifuniko, mbali na vumbi na nzi, na anayepokea pesa asishike chakula kwa mkono uleule. Gazeti la zamani si kifungashio kizuri, kwa sababu wino huyeyuka ukikutana na mafuta ya moto. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 1, 2019, jambo la busara zaidi ni kwenda na chombo kutoka nyumbani, kama wafanyavyo watoto wanaotumwa asubuhi na kibakuli.

Mgeni mwenye asubuhi moja tu Morogoro asiitumie kwenye andazi, ambalo atalipata vizuri mji wowote wa nchi hii. Afike Mwembesongo saa kumi na mbili na nusu, aulize vitumbua vinapikwa kwa nani, na asimame penye foleni ya watoto wenye vibakuli. Saa tatu, wapikaji wengi huwa wameshaosha vikaango.